Ushanga Mweupe wa Kambo Bwembya

"Simama wima, Mwewa. Wewe ni bwana mkubwa. Bwana mkubwa hajikuni."

"Kofia inaniwasha, mwalimu."

"Bwana mkubwa hawashwi na kofia."

Nyuma ya turubai la jukwaa, Mwewa aliisukuma kofia nyuma kidogo. Kofia yenyewe ilikuwa mtego wa samaki uliokatwa nusu, ukavikwa kitambaa kilichopakwa masizi ya taa. Koti lilikuwa la sufu, la padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya, lililoshonwa kwa ajili ya baridi, na sasa lilivaliwa Nchelenge mwezi wa joto kuliko yote, wakati hata mbwa wa Kashikishi huingia ziwani wakakaa humo mpaka shingo. Jasho lilimtiririka mpaka viatuni, na viatu pia havikuwa vyake.

Nani alimuuliza kama anataka kuwa bwana mkubwa? Hakuna. Mwalimu Zacharia alimtazama tu siku ile akishona nyavu mbele ya nyumba yake, akaona urefu wake, akasema, "Huyu." Ndivyo walivyo wenye kuamuru. Boma wanakuambia matundu ya wavu yawe makubwa kiasi gani, na wao hawajawahi kulala njaa kwa ajili ya tundu. Mnunuzi wa samaki anakuambia bei. Misioni wanakuambia uache mila, halafu mila ikikukaba koo hawapo. Na sasa mwalimu alikuwa amekuja kuwaambia watu wazima jinsi ya kupenda: mkono nyuma, pinda mgongo kidogo, usimguse.

Hadithi ilitoka katika kitabu kinene kama tofali, cha Uingereza ya zamani, wakati bibi za Wazungu hawa walipokuwa wasichana. Bwana mwenye mashamba, aliyefiwa na mke, anampenda binti wa mshona viatu. Mama yake bwana anakataa. Watu wanalia na kutembea kwenye mvua kurasa nyingi, na mwisho mama anakubali. Zacharia alikuwa amekikata kitabu hicho kikawa mchezo wa alasiri moja, akakiweka katika Kiswahili ili watu wa ng'ambo hii na wale waliovuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto za Kongo kununua samaki waelewe wote. Yeye alitoka Nyasaland, Kiswahili alikipata jeshini Keya, na mchezo aliufundisha kama gwaride.

Mwewa aliyavumilia yote hayo kwa sababu moja. Binti wa mshona viatu alikuwa Beauty.

Beauty Nkonde, muuza chisense wa soko la Kashikishi, dagaa wake wakavu daima safi bila mchanga, ulimi wake mkali kuliko pilipili anazouza jirani yake. Leo alivaa gauni refu la kale lililoshonwa kutokana na mapazia ya misioni. Mshonaji alikuwa amesahau kutoa pete za pazia kwenye pindo, basi kila Beauty alipotembea, zililia chini yake kama kengele ndogo. Mwewa alikuwa ameshaujua mlio ule. Usiku akishona nyavu aliusikia wakati haupo.

Katika mazoezi tu, ndipo wao wawili waliweza kusimama karibu mbele ya kanisa zima na kuambiana mapenzi bila mtu kukohoa. Midomo ilisema maneno ya Wazungu waliokwisha kufa. Macho yalisema ya kwao.

Mchezo ulikuwa umefika karibu na mwisho. Nje, mbele ya banda la samaki, watu walijaa mpaka kwenye mitumbwi. Wengine walikaa juu ya vichanja vya kukaushia, harufu ya chisense haikuwasumbua. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo mrefu ili waigizaji wapumzike kabla ya onyesho la mwisho. Nyuma ya turubai, Beauty alimvuta Mwewa kwa mkono wa koti.

"Mwewa."

"Nakuona. Vile umependeza, Beauty, hata mapazia yenyewe..."

"Acha mapazia. Kesho kisha kanisa, shibukombe ya Watson anakuya kwetu."

Wimbo wa kwaya ulipanda juu. Mwewa alidhani hakusikia vizuri. Shibukombe ndiye mshenga. Huja na sahani iliyofunikwa, na ndani yake kuna zawadi ndogo ya kuomba. Mama wa binti akiipokea sahani, neno limekwisha. Na Watson alikuwa karani wa mnunuzi wa samaki, mwenye baiskeli na kalamu mfukoni, aliyekuwa ameketi mbele kabisa pembeni ya baba yake Beauty kana kwamba amekwisha kuoa.

"Baba yako amekubali?"

"Mama amekwisha kuchagua kuku ya kuchinja. Unafikiri kuku anachaguliwa juu ya nini?"

"Lakini baba yako ananijua! Nyavu zake zote ni mi nilishona!"

"Anakujua, na anakupenda. Alisema hivi: 'Mwewa ni mutu muzuri, lakini kifo ya bibi yake ingali mu mwili yake. Sitatoa mutoto yangu akamate kifo ya mutu.' Njo maneno yake. Na yeye ni mzee wa kanisa!"

Hilo ndilo lililomchosha Mwewa kuliko yote. Mke wake Mulenga alikuwa amefariki kwa homa, na kwa desturi ya kwao kifo hakiondoki na marehemu, kinabaki juu ya mwenzake mpaka watu wa marehemu waje wenyewe wamfunge ushanga mweupe mkononi na kusema, "Nenda, uko huru." Bila ushanga ule, mwanamke yeyote atakayemwoa atakuwa anaoa na kaburi. Na watu wa Mulenga walikuwa hawajaja. Misimu ya samaki ilipita, hawakuja.

"Ni wao," alisema, na uchungu ukamtoka kama maji ya mtumbwi uliotoboka. "Ni Jairos, shemeji yangu. Akinifungula, nani atamushonea nyavu bure? Na padri anasema mila ni ujinga, lakini anaweza kuenda kumwambia baba yako? Awe, hapana! Anakunywa chai yake. Na boma nao wakisikia mambo ya mila wanasema ni ya chifu, chifu anasema ni ya familia. Wakubwa wote..."

"Wakubwa, wakubwa!" Beauty alipiga mguu chini, pete zikalia. "Mayo! Kila siku na weye ni wakubwa. Ushanga iko kwa mukono ya nani? Ya boma?"

"Ya Kambo Bwembya."

"Ulimuuliza?"

Mwewa akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Mwewa. Ulimuuliza?"

"Anajua."

"Sikuuliza kama anajua. Nimeuliza kama ulimuuliza."

"Beauty, ni kambo wa Mulenga. Ni yeye alimulea. Nitaingia mu nyumba yake niseme nini? Kwamba nimepata mwingine?"

"Utasema vile." Sauti yake ilishuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Kikuku ile ya shaba ya kuniombea unabeba mu mfuko tangu maji ya mto yalipopungua. Unafikiri sijue? Unaigusagusa tu. Unamulaumu kila mutu wa Nchelenge mpaka Mununga, na mutu moja mwenye jibu, unapita mbele ya mulango yake kila asubuhi, unamusalimia, unaenda."

"Na akikataa? Nitabaki na nini?"

"Utabaki vile uko sasa. Mi njo nitakuwa kwa Watson, namupikia bukari, namusikiliza akihesabu samaki ya batu." Machozi yalikuwa yamemjaa machoni lakini hakuyaruhusu kuanguka, maana uso wake ulikuwa umepakwa unga ili aonekane Mzungu. "Nimechoka, Mwewa. Nimechoka kukungoja na weye uko karibu."

Akaondoka. Pete zililia mpaka upande wa pili wa jukwaa, zikanyamaza.

Kambo kwao ni nyanya, na Kambo Bwembya, nyanya yake marehemu Mulenga, alikuwa ameketi juu ya sanduku la samaki lililopinduliwa, anatafuna karanga. Mwalimu alimchagua kuwa mama wa bwana mkubwa kwa sababu sauti yake ilifika mbali kuliko ya mtu yeyote kanisani. Alivaa gauni jeusi, na kichwani chandarua kilichokunjwa badala ya kitambaa cha matajiri wa zamani. Alimwona Mwewa akija, akamkaribisha kwa utani wa kila siku, kama kambo wanavyowatania waume za wajukuu.

"Bwana yangu unakuya! Mwanaume muzuri, lakini kofia inanuka samaki."

Mwewa aliivua. Akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama anavyomsalimia mkubwa wake. Kambo aliacha kutafuna.

"Kambo, nakuomba unifungule."

Kwaya ilikuwa imefika ubeti wa mwisho.

"Unaniomba leo," kambo alisema. "Apa. Nimevaa chandarua kwa kichwa."

"Nilichelewa."

"Sana. Sana ulichelewa. Mi nilikuwa naweka nyumba safi. Kila siku nasema, leo mutu atakuya kuniuliza. Sikuya mi kwako, juu gani? Mi njo niko na njaa ya kumuondoa mutoto yangu? Jairos ananiambia, 'Kambo, usimufungule, nyavu zangu.' Mi sikusikia nyavu. Mi nilikungoja."

Miaka yote ile Mwewa alikuwa akiwachukia watu hawa kwa mlango uliofungwa, na kumbe mlango ulikuwa unangoja abishe.

"Nitakwambia kitu," kambo aliendelea, akitazama mikono yake. "Asubuhi ukipita na nyavu kwa bega, mi naonaka sawa Mulenga iko nyuma yako na ndoo ya maji. Kila asubuhi. Nikikufunga ushanga, weye utapita na bibi mwingine. Na Mulenga, atapita na nani?"

"Kambo..."

"Kila mtu mahali pake!" Zacharia alitokea na kitabu chake kwapani. "Bwana mkubwa, kofia kichwani! Mama, simama! Haraka, haraka!"

Ushanga wenyewe ulikuwamo kwenye mchezo, na hapo ndipo palipokuwa na kosa la mwalimu. Kitabuni, mama anampa mwanawe pete ya marehemu baba yake, kama ishara kwamba amekubali. Pete ya kukopa haikupatikana. Zacharia akaenda sokoni, akaona uzi wa ushanga mweupe, akafurahi: unaonekana mbali, na ni rahisi. Siku ya kwanza alipoutoa kwenye mazoezi, watu wote walikaa kimya. Yeye akadhani wameupenda. Hakujua, kwao ni mbali. Na hapana aliyemwambia, maana mwalimu hana mtu wa kumwambia kitu, yeye ndiye husema.

Kambo Bwembya alijitafutia njia. Kila zoezi aliuzungusha ule uzi kwenye mkono wa Mwewa, akabana ncha zake kwa vidole, haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto, kisha akautia mfukoni. "Funga, mama!" mwalimu alipiga kelele kila mara. "Fun-ga!" Naye alijibu kila mara, "Siku yenyewe, mwalimu. Siku yenyewe nitafunga."

Turubai lilivutwa. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa, likawapiga usoni. Mwewa alimwona Nkonde, baba yake Beauty, mzee wa kanisa mwenye mitumbwi miwili, mikono juu ya magoti. Alimwona Watson na kalamu yake. Alimwona Jairos kati ya wavuvi, amevimba kwa kicheko.

Beauty alisimama upande wa kushoto, uso chini kama alivyofundishwa. Hakumtazama.

Kambo Bwembya alikuja katikati. Aliushika mkono wa Mwewa. Akautoa uzi wa ushanga. Kisha akasimama tu.

"Mwanangu, nilikuwa na kiburi," mwalimu alimnong'oneza kutoka nyuma ya turubai.

Kambo aliuviringisha uzi kidoleni.

"Mwanangu, nilikuwa na kiburi!" Sasa hata waliokaa juu ya vichanja walimsikia. Watu wakaanza kucheka. "Mwanangu! Nilikuwa! Na kiburi! Mchukue binti huyu!"

"Nyamaza, mwalimu," kambo alisema bila kugeuka. "Nilisikia."

Kicheko kikaongezeka, kikafa chenyewe, kwa sababu kambo alikuwa ameanza kusema na sauti ile haikuwa ya mchezo.

"Mulenga alikuwa mujukuu yangu."

Hakukuwa na Mulenga yeyote katika kitabu kile.

"Alipougua, huyu alimubeba kwa mugongo mpaka kwa munganga. Alimulisha uji kwa kidole. Homa ilimushinda mutoto yangu, lakini huyu hakuchoka. Kifo yake ilikaa juu ya huyu muda mingi, ilikaa juu ya mi pia. Mulenga, mama, kwenda. Mi nitakuona asubuhi hata bila yeye." Akainua uso. "Na weye, Mwewa, kwenda. Uko huru."

Akazungusha uzi kwenye mkono wake. Akafunga. Akalowesha fundo kwa mate, akashika ncha moja kwa jino lililobaki, akavuta mpaka uzi ukaingia ndani ya ngozi.

Mwewa aliusikia mkono wake kana kwamba si wake. Kitu alichokuwa amekibeba mpaka akasahau kwamba ni mzigo kilishuka.

"Kambo!" Jairos alikuwa amesimama. "Kambo, ni mchezo! Ile ni mchezo tu!"

"Ni mchezo, mzee, usijali," Watson alimwambia Nkonde, akiitoa kalamu mfukoni na kuirudisha.

"Ushanga unajua mchezo?" mwanamke mmoja wa sokoni alimjibu, na wenzake wakapiga vigelegele. "Iyee! Kifo ya batu munachezea?" "Kaa chini, Jairos, utashona nyavu zako mwenyewe!" Watu wa Pweto walikuwa wanaulizana, "Njo vile iko mu kitabu?" Na Zacharia alitoka nyuma ya turubai, kitabu mkononi, jasho usoni, akipiga kelele kwamba ndiyo, ni mchezo, watu wakae, bado kuna hotuba ya bwana mkubwa.

Nkonde alisimama, na kwa sababu alikuwa Nkonde, kelele zikapungua. Alipanda jukwaani taratibu. Akapiga makofi mbele ya kambo.

"Mama, naomba unieleze. Ulifunga sawa mama ya muzungu, ao ulifunga sawa kambo ya Mulenga?"

"Uliza mwalimu. Mu mazoezi nilifunga?"

"Hakufunga hata mara moja!" Zacharia alilalamika. "Nimepiga kelele mpaka koo limekauka!"

"Bon, ni vizuri," alisema kambo. "Leo nimefunga. Nkonde, weye ni mutu wa nyavu. Angalia fundo."

Nkonde aliinama juu ya mkono wa Mwewa. Lilikuwa fundo la wavu, lile lile wavuvi wa ziwa hili wanalofunga mahali wanapotaka samaki mkubwa asipite, lililokazwa likiwa limelowa. Aliligusa kwa ukucha. Alilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana aliyekuwa akitazamwa kweli, upande wa kushoto, alikuwa binti yake, na unga usoni mwake ulikuwa umechorwa mistari miwili ya machozi.

"Hii haifunguke," alisema Nkonde.

"Njo vile," kambo akajibu, akarudi kwenye karanga zake.

"Hotuba!" Zacharia alimnong'oneza Mwewa. "'Ewe binti, moyo wangu ni kama...'"

Mwewa alivua kofia. "Beauty, maneno ya mwalimu yamenitoka yote."

"Nani anakuuliza ya mwalimu?" Beauty alisema kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa tamu kuliko hotuba yoyote. "Unasimama tena! Utasimama mpaka kesho?"

Mwewa akamgeukia Nkonde, akafungua kinywa.

"Awe," Nkonde alimkata. "Mutu haombi bibi kwa kinywa yake mwenyewe. Kuna shibukombe." Alitazama jua. Akamtazama Watson, aliyekuwa ameinuka kutafuta baiskeli. "Watson aliniambia kesho. Leo hakuna mutu aliniambia kitu. Niko kwangu mpaka jua kuingia."

Akashuka, akaenda zake nyumbani, akimwita mkewe na binti yake wamfuate.

Mwewa alitazama huku na huku. Wavuvi wote walikuwa jamaa zake Jairos, hapana ambaye angekuwa mshenga wake. Basi macho yake yakaangukia mtu mmoja aliyesimama katikati ya jukwaa na kitabu, haelewi kitu.

"Mwalimu."

"Onyesho halijaisha, Mwewa."

"Halijaisha. Nilivaa kofia yako, nilivaa koti ya padri, nilipinda mugongo. Sasa ni zamu yako. Kamata sahani."

Sahani ilikuwa ile ya mchezo, ya meza ya tajiri. Mwewa aliingiza mkono mfukoni, akatoa kikuku cha shaba, akakiweka juu yake, akakifunika kwa chandarua alichokivua kichwani mwa Kambo Bwembya. Kambo alicheka mpaka akakohoa.

Njia nzima mpaka kwa Nkonde, Mwewa alimfundisha. "Hapana mukono nyuma. Mikono yote mbili kwa sahani. Ukifika, piga magoti mbali. Usimuangalie mama ya binti kwa macho. Usiseme mpaka waulize. Wakiuliza, sema umeona moto kwa nyumba hii, umekuya kuomba moto."

"Moto? Kwa nini moto?"

"Mwalimu, mi niliuliza juu ya kofia?"

Walipofika kona ya ua, Mwewa akasimama. Mwenye kuomba haonekani. Zacharia aliendelea peke yake, sahani mbele, jasho likimwingia shingoni. Akainua bega kujisugua.

"Mwalimu!" Mwewa alimwita kwa sauti ya chini. "Shibukombe hajikuni."

Kisha akajibana nyuma ya ua wa matete, asione kitu, asikie tu. Alisikia makofi ya mwalimu, yasiyo na mpangilio. Alisikia swali la Nkonde, na mwalimu akijibu habari ya moto kwa sauti ya gwaride. Alisikia kuku, yule aliyechaguliwa kwa ajili ya Watson, akilia mara moja na kunyamaza. Na halafu, ndani ya nyumba, mahali binti anapaswa kujificha na kutulia asionekane wala kusikika, alisikia pete za pazia zikilia, zikilia, kwa haraka, kama mtu anayecheza.